Karatasi ya Mwanahawa

Kariakoo, Dar es Salaam
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Salum,

Salamu sitazirefusha. Miaka minane nimekaa na meza yangu nje ya soko nikiwaandikia watu barua, na kila barua nimeianza kwa "ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali." Leo wewe si mtu wa mbali. Unalala nyumba hii hii, ukuta mmoja tu kati yetu, na sasa hivi umetoka kwenda Msimbazi kuwaaga wakweo. Lakini yapo mambo baba hawezi kuyasema huku anamtazama mwanawe usoni. Mimi, ambaye mtaa mzima unaniita Wakili kwa wingi wa maneno, leo mdomo umenikauka. Basi nimekaa kitako nikafanya kazi ninayoijua.

Mambo ya fulana, ya vidonge vya malaria na ya kutokula ovyo njiani, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho alfajiri kabla hujatoka kwenda kambini atakuambia mara ya nne. Huko mimi simo. Nataka kukuambia habari za baba yako mdogo, Mbaruku. Unadhani unazijua. Unajua nusu tu, na ile nusu nyingine ni dhambi yangu mimi.

Juzi ulipoingia na habari kwamba kikosi chenu kinapelekwa Kenya, mama yako alianza kulia. Ukamcheka. Ukamwambia, "Ah, mama nawe! Unalia nini? Hivi si vita. Ni miezi sita tu, tunakwenda kuwasaidia polisi." Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikakiweka chini nikatoka nje. Mama yako alidhani nimekasirika. Sikukasirika, Salum. Nilitoka kwa sababu maneno yale niliyatambua. Yalikuwa maneno yangu, na hata kile kicheko kilikuwa changu.

Turudi nyuma kidogo. Vita vile vikubwa, vilivyonipeleka mimi Burma, vilitangazwa, tena vikatangazika. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini. Tuliitwa wote, makarani na makuli, bwana mkubwa akapanda juu ya kreti akasoma karatasi, na mkalimani akairudia kwa Kiswahili: kuanzia leo Mfalme yuko vitani na fulani. Mji mzima ukajua, hata vichaa wake. Msikitini tuliomba dua na kanisani waliomba yao. Nilipokuja kuandikishwa askari, babu yako, Mungu amrehemu, alinishika mkono kama mtoto akanipeleka kwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha Kurani. Mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kaa mkekani. Akaniambia, "Haya, andika."

Nikaandika kwamba miaka miwili ikipita bila mimi kurudi wala habari zangu kufika, mke wangu Kidawa ameachika talaka moja na yuko huru kuolewa. Ndiyo desturi waliyokuwa nayo wazee wetu kwa mtu anayekwenda vitani. Haikuwa kwa sababu humpendi mkeo. Ilikuwa kwa sababu wewe ukipotea umepotea, lakini yeye bado yupo, anakula, anaota ndoto, miaka yake inakwenda. Mama yako aliificha karatasi ile sandukuni chini ya kanga zake za harusi. Nilirudi kabla ya muda wake kwisha. Ulikuwa na miaka tisa hivi, umesimama mlangoni unanikodolea macho kama mgeni. Mama yako akanipa karatasi, nikaichana vipande vipande, tukacheka mpaka machozi. Nadhani ni kwa kuwa ilichanika kirahisi vile ndiyo maana nilikuja kuidharau.

Sasa njoo kwenye baraza la duka la Bwana Mansukh. Wewe ulikuwa unapita pale ukitoka shule, unatuamkia mbio mbio. Yule Bwana Mansukh wa kanga na khaki ndiye alikuwa na redio, na jioni tulikaa nje ya duka lake kusikiliza habari na kuzibishia. Siku hizo ikaja habari ya Malaya, nchi iliyo chini ya Mwingereza huko Asia: waasi msituni, na askari wa Kiafrika watapelekwa kwa meli kusaidia. Baba yako mdogo alikuwa dereva katika kikosi cha Kenya, na kikosi chake kilitajwa.

Bwana Mansukh akaniuliza, "Wakili, mbona hawajatangaza vita? Baraza la serikali halikukaa, hakuna aliyepiga kura. Watu wanakwenda tu?"

Nikajinyoosha. Ungeniona! Nikamwambia, "Bwana Mansukh, hawajatangaza kwa sababu si vita. Vita vina wenyewe. Vinatangazwa na wenye mamlaka, kwa karatasi na mhuri. Hii inaitwa dharura. Askari wanawasaidia polisi, basi."

Akatikisa kichwa. "Mimi nina mzigo wa vitambaa unapitia Singapuri. Watu wa bima wamepandisha bei, wanasema njia hiyo ina vita. Sasa watu wa bima wanajua, na baraza halijui?"

"Bima ni biashara, bwana. Sheria ni sheria!"

Watu wakaangua kicheko, wakanipigia makofi, mmoja akaninunulia kahawa na kashata. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Na usidhani hoja yangu ilikuwa ya kipumbavu, maana ingekuwa hivyo nisingejuta sana. Nilisema nyumba ikishika moto huiti mkutano kwanza. Ukingoja wajumbe watoke Bukoba na Lindi, wavae suti, wahutubie, wanywe chai, kijiji kimekwisha teketea. Hilo hata leo nalikubali. Moto wa siku tatu uzime kwanza, ruhusa utaomba baadaye. Lakini moto unaozimwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wazimaji wanasafirishwa kwa meli kutoka bara jingine, huo umeacha kuwa moto siku nyingi. Sikuliona hilo wakati ule kwa sababu nilikuwa nimeshashinda.

Mbaruku akaja likizo ya wiki mbili kuaga. Alikuwa na mwaka mmoja tu ndani ya ndoa. Siku tatu kabla hajaondoka, mkewe Mwanahawa alinikuta uani, na Mbaruku amekaa kando yangu akinyoa ndevu. Alikuwa na karatasi moja ya mistari, mpya, ameinunua sokoni kwa senti zake, ameikunja mara mbili. Akaniamkia, "Shikamoo, shemeji." Kisha akainyoosha ile karatasi kwa mikono miwili. "Nakuomba umwandikishe mume wangu kama baba alivyokuandikisha wewe."

Mbaruku hakukataa. Nataka ulijue hilo. Alisema, "Kaka, mimi sina neno. Unavyoona wewe." Tangu utoto wetu ndivyo alivyokuwa: kaka akisema mvua itanyesha, yeye anaanua nguo.

Na mimi, Salum, nikafanya mzaha. Wanawake walikuwepo pale uani wanachambua mchele, mama yako mmojawapo. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Lo! Mume hajafika hata bandarini, mke anataka talaka! Kulikoni, Mwanahawa? Una mtu?"

Wakacheka. Mama yako hakucheka, lakini wengine walicheka. Mwanahawa aliinamisha macho. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Akasema polepole, "Sitaki kuachwa, shemeji. Nataka kujua, asiporudi, mimi nitakuwa nani."

Swali lile halikuhitaji sheria hata kidogo. Lilihitaji mtu wa kulijibu. Lakini mimi nikampa hotuba ile ile ya barazani: karatasi kama hii ni ya vita, na vita havikutangazwa, na kumwandikia mtu asiyekwenda vitani ni kumtakia ndugu yangu uchuro. Nikaikunja karatasi yake, nikamrudishia. Mbaruku akapumua, akacheka, akaendelea kunyoa. Nilimwona ameona nafuu, na mimi nikajiona nimemfanyia wema.

Alituandikia barua tatu. Unazikumbuka, wewe ndiye uliyekuwa unatusomea. Ile ya mwisho alisema msitu wa huko una ruba wanaoingia mpaka ndani ya viatu, na akauliza kama paa la chumba chake bado linavuja. Baada ya hapo ikaja karatasi fupi ya serikali. Lori lao lilishambuliwa kwenye kivuko cha mto, na yeye hajulikani alipo.

Nilikwenda na Mwanahawa kwenye ofisi moja huko Posta, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya tatu akatupokea bwana mmoja kijana, mpole, ametuletea hata viti. Nikamwomba amwandike Mbaruku kuwa amefia vitani, ili tupate hati tuipeleke kwa kadhi. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba haiwezekani. Malaya hakuna vita. Havikutangazwa. Ipo dharura, na askari walikuwa wanawasaidia polisi. Hivyo hakuna aliyefia vitani, na mtu asiyeonekana anabaki hivyo hivyo, hajulikani alipo.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, bwana, kuna mizinga, kuna ndege zinaangusha mabomu, hicho ni nini kama si vita? Hakukasirika hata kidogo. Alisema anaelewa, lakini vita ni jambo la kutangazwa na wenye mamlaka. Alisema kila kitu kwa mpangilio nilioutumia mimi pale dukani. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Siku ile nilipokuwa upande wake mimi mwenyewe sikumwachia Bwana Mansukh pa kupita.

Mwanahawa hajui Kiingereza. Akanigusa mkono. "Amesemaje, shemeji?"

Nikamwambia, "Anasema si vita."

Akasema, bila ukali wowote, "Ndivyo ulivyosema na wewe."

Tulirudi Kariakoo kwa miguu.

Kadhi tuliyemwendea ni mtu mwema, alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema hana mwili, hana shahidi wa kifo, hana hati. Kisha akauliza, "Hakuacha sharti lolote la maandishi? Angeliacha, ningemfungua bibi huyu leo hii." Nikasema hakuacha. Akauliza, "Kwa nini, naye alikuwa anakwenda vitani?" Salum, nilikaa pale mbele ya kadhi na kanzu yangu iliyopigwa pasi, nikainamisha macho. Akasema basi tusubiri. Tunasubiri mpaka leo.

Sasa unaelewa mambo ambayo umeyaona tu kwa macho. Unaelewa kwa nini hatukuweka matanga ya baba yako mdogo, wala hitima hatukusoma, maana unamsomeaje hitima mtu ambaye hujui kama amekufa? Unaelewa kwa nini mama yako mdogo hakukaa eda. Kwenye harusi wanawake hawajui wamweke wapi. Akijipamba watu wanaguna, na asipojipamba wanaguna. Kila Ijumaa anazitoa nguo za Mbaruku, anazianika, anazikunja, anazirudisha sandukuni. Kuna mwanamume mmoja, fundi baiskeli, mtu wa heshima zake, alikuja na wazee wake kuuliza. Mwanahawa ndiye aliyewajibu. Aliwaambia, "Mimi ni mke wa mtu." Fundi yule alingoja miezi minane, akaoa kwingine. Siku ya harusi yake Mwanahawa alikwenda kusaidia kupika pilau. Mama yako alimwona anachochea kuni na moshi wote unamwingia machoni, na hakusogea.

Hiyo ndiyo nusu yangu. Sikumuua mdogo wangu, najua, Mungu ndiye ajuaye siku ya kila mtu. Lakini huyu mwanamke yuko hai, na aliyemfunga ni mimi, kwa mdomo wangu, siku niliyokuwa nataka kuchekesha watu.

Tangu hapo nimeliwaza sana lile swali la Bwana Mansukh. Siku hizi nasema hivi, na sitaki makofi. Bunduki ikitoka mjini na mtu nyuma yake, lazima wawepo watu wenye majina, wakae barazani mchana kweupe, waseme: hivi ni vita, sisi ndio tuliovitangaza, na yatakayotokea mtuulize sisi. Kama jambo ni dogo kiasi hicho, watalitaja kwa dakika tano. Wasipotaka kulitaja, lile tangazo haliondoki. Linahamia nyumbani. Mwanamke mwenye miaka ishirini na mbili analazimika kulisema yeye, uani, mbele ya watu wanaochambua mchele, na wakwe wanamcheka.

Huko Kenya pia havitatangazwa. Nani atangaze vita dhidi ya watu anaosema ni raia wake? Na wengine kati yao watakuomba maji kwa Kiswahili. Siwezi kukuambia usiende. Umekula kiapo, na mimi ndiye niliyekutia moyo ukijiandikisha, nikakupitisha mpaka dukani kwa Bwana Mansukh ili watu waione ile kofia. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu. Ninachokuomba ni kwamba moyoni mwako ukiite kitu kwa jina lake. Mtu anayejua yuko vitani huogopa, hujiuliza, humkumbuka Mungu kabla hajanyanyua mkono. Mtu anayedhani anawasaidia polisi anaweza kufanya jambo baya mchana na usiku akalala usingizi mzuri. Niliwaona wa aina hiyo hata Burma, ambako tulitangaziwa.

Sasa mkeo, Tatu. Mna miezi mitano tu ya ndoa. Leo asubuhi mkaza mwanangu aliniletea chai akasimama, anashika pindo la kanga analiachia. Nikamwuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Akasema, "Hakuna kitu, baba." Akarudi jikoni. Mwanahawa alikuwa amekaa kizingitini anamenya muhogo, ameyaona yote. Tangu siku ile ya Posta ananijibu ninapomwuliza, na hanianzi yeye maneno. Leo akanianza.

"Shemeji, usimwache huyu mtoto aulize mwenyewe. Mimi niliuliza."

Nimewaomba mwalimu na jirani yetu Mzee Feruzi waje baada ya magharibi. Hawatasema neno, watakaa tu mkekani kama walivyokaa wale wa kwangu. Ukiandika, andika muda unaoona wewe ni wa haki, kisha umwite Tatu umpe mkononi mwake, mbele ya mama yako. Nikijaliwa nitakuwepo siku utakayorudi kuichana, nami safari hii nitaicheka kwa adabu. Usipotaka kuandika sitakulazimisha. Mimi nimekwisha poteza haki ya kumwambia mtu aandike au asiandike.

Barua hii nimempa Mwanahawa akuletee. Atakuwa amekaa nje ya mlango wako mpaka umalize kusoma. Ndani yake utakuta na karatasi nyingine, tupu, ya mistari, imekunjwa mara mbili, na kwenye mikunjo imeanza kuwa ya manjano. Nilitaka kukuwekea mpya kutoka mezani kwangu, akakataa. Alikwenda kuitoa sandukuni, chini ya nguo za Mbaruku, akasema hii bado ni nzima.

Baba yako,
Athumani